Kisima cha Cucu Kamenu

Wiki hii mifereji ya ploti yetu hapa Mwiki imekauka tena. Jana nilipandisha mitungi miwili hadi orofa ya nne, nikaketi kwenye ngazi kuvuta pumzi, na hapo nikamkumbuka Cucu, mamake baba, aliyenilea Kamenu kule Thika. Kama nawe ulilelewa na nyanya, utanielewa.

Nyumba yake ilikuwa ya mbao, na jikoni mlinuka moshi na githeri ya mahindi na maharagwe. Ukutani palikuwa na picha moja tu, ya Mtakatifu Isidori, msimamizi wa jumuiya yetu ndogo ya kanisa. Cucu alituambia kwamba huyo alikuwa kibarua, akalima shamba la mtu mwingine maisha yake yote. Alisali kabla ya kushika kazi, na chakula chake kidogo akala na waliokosa. Cucu naye, kila asubuhi kabla ya kuteremsha ndoo kisimani, alifunga leso kiunoni akapiga goti.

Kisima kilikuwa ndani ya ploti yake, lakini ufunguo wa kifuniko ulining'inia nje ya mlango. Walichota watu wa jumuiya, akachota mama wa Kisingasinga wa barabara ya pili, wakachota wafanyakazi wa viwandani wakitoka zamu. Hakuna aliyeomba ruhusa.

Nikiwa darasa la tano mvua ilikosa, maji yakashuka sana. Jumuiya ilikutana uani kwetu, na baada ya rozari wakakubaliana kila nyumba ichote mitungi miwili kwa siku. Cucu mwenyewe ndiye aliyesema sisi tuwe wa mwisho kwenye foleni ya asubuhi.

Mimi nilikuwa nimechaguliwa kukariri shairi mbele ya wazazi shuleni, na yunifomu yangu ilikuwa chafu. Mchana Cucu alipoenda sokoni, tukiwa tumeshachota yetu, nilichota mtungi wa tatu. Nikafua hadi soksi.

Jioni, akitoka zamu, alikuja jirani yetu, mama wa kiwandani aliyekuwa na mtoto mchanga. Ndoo ilipanda na matope. Akairudisha chini, ikapanda tena na matope. Alisimama tu akiitazama. Cucu, ambaye alikuwa amerudi, akageuka akaona yunifomu yangu kwenye kamba, ingali inadondosha maji. Aliingia jikoni akatoa mtungi wetu uliobaki, akaniambia niupeleke kwa jirani.

Nilinung'unika kwamba kisima ni chetu.

"Si changu, kairitu, binti yangu," alisema polepole. "Nimewekwa tu nikichunge."

Niliuburuta ule mtungi nikilia, na mlangoni kwa jirani nikasema ukweli wote. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyesimama kazini tangu asubuhi. Alimimina nusu kwenye sufuria yake, akafunga kifuniko, akanirudishia mtungi.

"Mwambie Cucu apike," alisema. "Hata nyinyi mna njaa."

Tulikunywa uji mwepesi, Cucu akasali kwa ufupi, akalala na viatu miguuni. Asubuhi nilipiga goti kando yake bila kuitwa.

Alipofariki, baba na ndugu zake waliamua kuuza ploti. Nilikuwa mtu mzima tayari, nikatakiwa kutia sahihi kama mmoja wa warithi. Ningeweza kukataa, au hata kuuliza kama kisima kingeachwa. Lakini vikao vilikuwa vimenichosha, nilitaka mambo yaishe, nikatia.

Siku hizi pale pana ghorofa. Jirani alirudi kwao na mwanawe. Waliobaki wa jumuiya husali kwa simu, kila mmoja kwake, na mimi mwenyewe simjui anayeishi mlango unaotazamana na wangu. Niliambiwa mapema kwamba kisima kingejazwa mawe, na kazi ikaisha kwa siku moja tu. Ilikuwa Jumamosi, sikuwa na kazi yoyote. Sikwenda kuangalia.