Pindo la Gauni la Mama

Futi ya kupimia haikutoka shingoni mwa Fundi tangu asubuhi hadi jioni, na watu wa mtaa walimtania kwamba hata siku ya kuzikwa itabidi avuliwe kwa nguvu. Alikuwa ameshona nguo miaka thelathini, jicho kali, mdomo mkali zaidi. Mteja akijibana tumbo wakati wa kupimwa, alimwambia aache kuidanganya futi, gauni litamuumbua mbele za watu.

Alipofika miaka hamsini na mbili, hedhi ikiwa imekoma mwaka mmoja kabla, tumbo likaanza kumtoka yeye mwenyewe. Chakula kilikuwa kile kile, kazi ile ile, lakini kiuno cha sketi kiligoma kufunga. Akaona haya. Akaacha maziwa, akaacha mayai, samaki akawa anampa jirani, akabaki na chai ya rangi na kipande cha mkate. Mama yake mzazi naye aliishia hivyo hivyo, akidai kwamba mwili wa mtu mzima hauhitaji mengi.

Gauni la mama huyo, la bluu, lilining'inia bado nyuma ya mlango wa chumba cha kushonea. Ulikuwa mwaka wa nne tangu aanguke bafuni, nyonga ikavunjika, asiinuke tena hadi akafa. Fundi hakuwa na moyo wa kulitoa. Cherehani ikinyamaza, alihisi kuna mtu amesimama pale mlangoni, anasubiri kupimwa. Aliogopa, na hakumwambia mtu.

Mchana mmoja binti yake, muuguzi wa zahanati, alimkuta ameinamia cherehani, anatetemeka kwa njaa. Akamgombeza kama vile yeye ndiye mzazi. Kisha akakaa, akamweleza kwamba estrojeni, ile homoni ya kike, ikishuka, mafuta huhamia tumboni, wala si ulafi. Lakini homoni hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiilinda mifupa. Ikishapungua, mifupa hulika haraka, na mtu huhitaji zaidi maziwa, mayai, maharage na samaki wadogo wanaotafunwa pamoja na miiba yao, kuliko hata alipokuwa msichana.

"Ukiunyima mwili kalsiamu, utaichota kwenye mifupa yako," alisema. "Watu hata kimo hupungua, mama. Mgongo unajikunja kidogo kidogo, mwenyewe hana habari."

Fundi aliinuka akalitungua gauni la bluu, akalipindua ndani nje. Pindo lilikuwa nene kuliko alivyokumbuka. Akachukua wembe, akaanza kufumua. Mshono wa kwanza ulikuwa wa uzi wa bluu. Chini yake kulikuwa na mwingine, wa uzi mweusi. Chini ya huo, mwingine, na mwingine tena. Minne yote, na yote ya mkono wake.

Kila mwaka mama alilileta akilalamika kwamba linaburuta. Kila mwaka Fundi alimjibu kwamba kitambaa kimelegea, akamcheka kwa kupenda vitambaa rahisi, akapiga magoti na pini mdomoni, akamwambia asimame wima. Na mama alijibu maneno yale yale: "Nimesimama wima, mwanangu."

Vipimo vya mtaa mzima alivijua kwa kichwa. Mama yake alikuwa akipungua mbele ya macho yake, naye akawa anapandisha pindo. Alilia sana, gauni likiwa mapajani.

Binti alimwacha alie. Baadaye alimvua ile futi shingoni, akatafuta kadi ya kliniki ya zamani, ile aliyopewa Fundi alipokuwa mjamzito, iliyoandikwa kimo chake. Akamsimamisha mama yake mlangoni, pale pale lilipokuwa gauni.

"Mama, simama wima."

Fundi alibana visigino kwenye ubao wa mlango, akanyoosha shingo hadi ikauma.

"Nimesimama wima, mwanangu," alisema, na sauti aliyoisikia ilikuwa ya mama yake.

Binti alipima mara mbili, akaitazama tena kadi. Akaikunja futi, akaenda jikoni kuchemsha maziwa bila kuitaja namba.