Gitaa Lililolia Kama Mbuzi

Moshi wa korosho zinazochomwa umenikuta leo kwenye stendi ya mji wa mbali, nami nikajiona tena uani kwetu Msimbati, nimepakata gitaa langu dogo la bei nafuu. Bibi yangu alikuwa akibangua korosho.

"Mume wangu," akasema kwa ule utani wa bibi na mjukuu, "hicho kidude kinalia kama mbuzi. Leo kisipotoa wimbo, kesho kinarudi dukani."

Uzi mmoja ulishakatika, mjomba akanifungia mshipi wa kuvulia. Nikaanza kupiga wimbo ambao bibi huimba akipalilia mihogo. Katikati vidole vikapotea. Nikaacha kupiga, machozi yakinilengalenga.

"Sasa umesimama nini?" bibi akafoka, korosho zimemwagika miguuni. "Mabega yangu yameshaanza kucheza!"