Uso Mlangoni mwa Banda

Jumatano jioni, wanachama wa kilabu cha picha wanapokutana katika ukumbi wa kijiji, kiti kilicho karibu na birika la kahawa hubaki kitupu. Hakuna aliyetoa amri. Watu hukizunguka tu, wengine husimama ukutani na vikombe vyao, na picha zinapoanza kupita mbele yao husikika pengo la sauti moja: sauti nene ya mwanamke aliyezoea kuita ng'ombe katikati ya upepo, akiuliza swali lake lilelile, "Na huko gizani kuna nini?"

Kiti hicho kilikuwa cha Gerbrich Wielinga.

Alikuwa mfugaji, binti wa mfugaji, mke wa mfugaji. Kamera aliinunua nywele zikiwa zimeshaanza kupauka, baada ya mazishi ya mama mkwe wake, walipokuwa wakipekua albamu za familia. Kila majira ya kuchipua, ng'ombe waliokaa bandani baridi nzima hufunguliwa mlango, na kijiji kizima huja kuwatazama wakiruka malishoni kama ndama. Albamu zilijaa picha za siku hiyo: ng'ombe hewani, watoto juu ya uzio, mawingu. Na katika kila picha, nyuma kabisa, tundu jeusi la mlango wa banda, na ndani ya tundu hilo kivuli chenye kofia. Kivuli hicho ni Oene, mumewe. Yeye ndiye aliyefungua mlango mwaka baada ya mwaka, na hapakuwa na picha hata moja iliyoonyesha uso wake.

"Kamera haina kosa," Oene alisema. "Giza ni giza."

"Mbona mimi nakuona?"

Swali lile halikumwachia Gerbrich nafasi ya kulala vizuri.

Akajifunza. Kamera huwekwa juu ya stendi ya miguu mitatu, isitikisike. Hupigwa picha tatu za kitu kilekile: moja ya mwanga mdogo, kwa ajili ya mbingu; moja ya kadiri; moja ya mwanga mwingi, kwa ajili ya giza. Kisha kompyuta huzilaza moja juu ya nyingine, ikichukua mawingu ya hii na pembe za giza za ile, mpaka ziwe picha moja yenye vyote, kama jicho linavyoona. Angalau ndivyo inavyotakiwa iwe. Picha zake za mwanzo zilikuwa balaa. Mbingu juu ya dirisha la jikoni ilivimba kama jeraha. Malisho yaling'aa mpaka ukatamani kufumba macho.

Kwenye kilabu picha huonyeshwa bila jina la mpigaji, watu wapate kusema kweli. Za Gerbrich zilijulikana kabla hazijatulia ukutani.

"Mama, hizo ni nyasi au umemwaga rangi ya kucha?" aliuliza Sietse, mwenyekiti, mtu wa matete na ukungu, ambaye hakuwahi kupiga picha yenye rangi.

"Mwache," akasema Tjitske wa duka la mikate. "Mimi hata keki ya harusi sijawahi kuing'arisha hivyo."

Gerbrich alicheka kuwashinda wote, akarudi nyumbani, akapunguza rangi kidogo kidogo, kama mpishi anayeujifunza mkono wake wa chumvi.

Kisha akawageukia ng'ombe. Hapo ndipo alipoaibika kwelikweli, kwa sababu ng'ombe hana habari na picha tatu. Kati ya picha ya kwanza na ya tatu aligeuka kumtazama nzi, na Jumatano ile ukutani akatokea mnyama mwenye vichwa viwili.

"Kichwa kimoja cha maziwa," Sietse akatangaza, "na kimoja cha jibini!"

Oene, aliyekuja kumchukua mkewe, alicheka mpaka akashika mbavu.

Majira ya baridi yaliyofuata, magoti ya Oene yalikataa kazi. Jeltje, binti yao, alikuwa muuguzi mjini na hakutaka ng'ombe. Wakakubaliana mezani, bila maneno mengi: mlango utafunguliwa mara moja tena tu, kisha kundi liuzwe na banda libomolewe. Kwa hiyo Gerbrich alikuwa na siku moja iliyobaki ya kuupata ule uso.

Sietse alimvuta kando, safari hii bila mzaha. "Sikia, Gerbrich. Kinachotembea hakiunganishwi. Simama nje na wenzako, piga picha moja safi, uwe na kumbukumbu."

"Nje nitapata kivuli."

"Kivuli nacho ni mtu."

"Wewe unaweza kusema hivyo. Hujaolewa naye."

Lakini njiani kurudi nyumbani alijua kwamba Sietse amesema kweli, na alikanyaga baiskeli kwa uzito.

Jawabu lilimjia siku ya theluji na jua. Alitoka uani akaingia bandani, giza likamvaa, akagonga ndoo kwa mguu.

"Simama kwanza," Oene akasema kutoka ndani, kama alivyomwambia maisha yote. "Macho yazoee."

Akasimama. Taratibu banda likajitokeza: migongo, pua zenye mvuke, nyasi kavu, mume wake na uma wake wa nyasi. Akaendelea kusimama hata baada ya macho kuzoea.

"Oene. Siku ya kufungua, Trynke akifika mlangoni anafanya nini?"

Trynke alikuwa ng'ombe mzee wa kundi, na hutoka wa kwanza.

"Anasimama."

"Anasimama kabisa?"

"Kama jiwe. Jua linamchoma, anangoja macho yatulie. Na hakuna wa kumpita yule bibi. Kwani hujui?"

"Nitajuaje? Mimi siku zote niko nje nagawa kahawa."

"Basi ndivyo."

"Na wewe je?"

"Mimi najibanza nyuma ya nguzo. Unataka nikanyagwe?"

"Mwaka huu utasimama naye."

"Mama, nikivunjika?"

"Utavunjika ukiwa unaonekana."

Siku ilipofika, Jeltje aligawa kahawa. Watu walijaa kwenye uzio, kamera zote zikielekea malishoni. Kati ya wapigaji wote Gerbrich peke yake alikuwa ndani, mwisho wa banda, stendi yake katikati ya njia ya kulishia, nyuma ya migongo yote. Oene akausukuma mlango. Mwanga ukaingia kama maji. Trynke akafika kizingitini, akasimama. Oene akamwekea mkono shingoni, akageuza uso ndani kwenye kamera, akasimama naye, bila kupumua. Kamera ikalia mara tatu.

Kisha Trynke akashusha pumzi, akaruka, na dunia yote ikaruka nyuma yake. Oene alisalia amejibandika kwenye nguzo, kofia haipo, samadi mpaka shavuni, akipiga kelele, "Imepatikana? Mama! Imepatikana?"

Jumatano ile picha ilipotua ukutani hakuna aliyetania. Nje kulikuwa na malisho, uzio, hata vifungo vya makoti ya watu. Ndani kulikuwa na kila boriti na kila utando wa buibui. Na katikati, kati ya kweupe na giza, mzee mwenye mkono juu ya ng'ombe, uso wake wote wazi, ameinua kidevu kama baba siku ya harusi ya bintiye. Pembeni kulikuwa na ng'ombe mwenye mikia miwili, kwa sababu huyo hakungoja. Gerbrich alikuwa amemwacha makusudi.

"Oene," Sietse akasema hatimaye. "Kumbe macho yako ni ya buluu."

Oene aliisogelea picha. Akanyoosha kidole pembeni. "Huyo wa mikia miwili," alisema, "tungemuuza kwa bei nzuri."

Gerbrich alikaa kwenye kiti chake karibu na birika, mgongo umenyooka, mikono mapajani, akawaacha wamtazame mumewe watakavyo.

Banda halipo tena. Gerbrich sasa anaishi na Oene mjini Ljouwert, mbali na ukumbi wa Jumatano, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama mfereji.