Niliifuta X ya Ghorofa Iliyoanguka

Admin, jina langu lifiche, na mtaa sema tu ni Huruma. Mimi ni mwanaume wa miaka 38, baba wa watoto wawili, fundi wa rangi. Tangu haya yatokee sijalia hata siku moja. Mke wangu anadhani ni ujasiri, kumbe ni ganzi.

Mwaka jana wakaguzi wa majengo waliweka X nyekundu kwenye ghorofa moja hapa kwetu, maana yake watu wahame, itabomolewa. Nyufa zilikuwa zinapitisha kidole. Wiki tatu baadaye mwenye nyumba akaniita kazi. Nilimkuta amesimama na afisa yuleyule aliyeiweka X.

"Fundi, piga rangi hapo kwenye X. Tumeicheki tena, iko sawa," afisa akasema.

Nikauliza barua ya kuiondoa X iko wapi.

"Barua inakam. Kwani wewe ndio injinia?"

Wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi. Nyekundu ni rangi mbishi, ukiifunika mara moja inachungulia, kwa hivyo nilipaka mara tatu na nikajisifu ilivyopotea. Waliohama wakarudi, na wageni wakaingia. Kabla ya kuhamia hapo, Mama Achieng anayetuuzia mboga aliniuliza, "Fundi, wewe unajua majengo. Hiyo nyumba ni salama?" Nikamjibu, "Serikali imepitisha, mama."

Ilianguka mchana, mvua ikinyesha. Mama Achieng alikuwa sokoni. Binti yake, Achieng, alikuwa amelala ndani, hakuenda shule kwa sababu ya homa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa kilimchukua ambaye hakuficha chochote. Mimi nilichimba kifusi na wenzangu mpaka kucha zikang'oka, na sikusikia uchungu.

Afisa alitokea kwenye runinga, uso mkavu: "Sisi tuliweka alama. Hatukuwahi kuiondoa. Mwenye nyumba alikaidi." Mwenye nyumba naye ametoroka. Kwa hivyo shahidi aliyebaki wa ile amri ni mimi peke yangu. Na juzi nimemwona afisa huyo mtaa wa Baba Dogo, anakagua ghorofa nyingine, anasalimia watu kama kawaida.

Nilimweleza mke wangu. Akasema, "Nyamaza kabisa. Yeye ana mawakili, wewe una brashi. Utafungwa wewe, na hawa watoto nitawalisha nini?" Siwezi kusema amekosea.

Wiki ijayo kesi inasikizwa mahakama ya Makadara. Familia za waathiriwa zinataka ofisi ya wakaguzi ijibu, si mwenye nyumba pekee. Jana Mama Achieng alikuja kwangu na shuka jeupe. Bado tunamwita Mama Achieng, hatujui jina lingine la kumwita.

"Fundi, mwandiko wako ni msafi. Niandikie hapa bango la kwenda nalo kortini: NANI ALIFUTA X?"

Nikaandika. Yeye alikuwa ameshika pembe za shuka lisijikunje, tumeinama pamoja, kichwa chake karibu na changu. Nilipomaliza akasema, "Mungu akubariki, baba."

Shuka liko kwenye kamba hapa nje, linakauka. Atakuja kulichukua kesho asubuhi, na mimi ndiye nitakayemfungulia mlango. Nyinyi mnaosoma, hata mkinitukana nitasoma yote. Lakini niambieni kwanza: nikimkabidhi hilo shuka, nimwambie nini?