Kidole cha Mke wa Fundi Mluzi

Saa mbili asubuhi, na mke wa fundi ameshavaa hedifoni. Ameketi kwenye stuli pembeni ya meza ya kazi, macho ameyafumba. Mumewe ameinamia redio ndogo ya mbao, anazungusha kitufe chake polepole, lakini haitazami redio. Anatazama kidole cha mkewe.

Kidole kinapanda. Fundi anarudisha kitufe nyuma, kiasi cha unywele tu.

"Hapo?" anauliza.

"Hapo hapo. Usiguse tena, Baba."

Mtaani wanamwita Mluzi, kwa sababu ya redio anazozifufua. Ni redio za zamani, za taa moja: kichupa cha kioo kinachopata moto na kukuza sauti dhaifu inayonaswa na waya wa antena. Ujanja wake ni kwamba redio hujirudishia sauti ileile, ikaikuza tena na tena. Ukiirudishia kidogo, husikii kitu. Ukizidisha, inapiga mluzi wa kutoboa masikio, na redio za majirani zinapiga mluzi pamoja nayo. Sauti nzuri inakaa ukingoni kabisa, kabla tu mluzi haujaanza, na ukingo huo fundi anautafuta kwa sikio.

Sikio la Mluzi limekwisha.

"Ukimsemesha kwa nguvu, uso kwa uso, anakusikia," anasema mkewe. "Lakini sauti nyembamba ndiyo basi tena. Hata ndege hawasikii. Mimi nilijua kabla yake. Mwanzoni nilidhani amenuna, nami nikamnunia. Wiki nzima nimevimba, kumbe mwenzangu hana habari!"

Anacheka. Mluzi, ambaye hakusikia hata neno, anacheka naye. Inauma kumtazama.

Kazi hii Mluzi aliirithi kwa mjomba wake, mtu asiyependa maelezo. "Alikuwa ananivalisha hedifoni, ananiambia sikiliza. Nikikosea, kofi. Nikipatia, kimya. Basi nikajifunza kupenda kimya chake," anasema Mluzi. Zamani redio zilijaa mpaka mlangoni. Siku hizi watu wanamletea chaja za simu, na hata hizo wanazifuata wakiwa na haraka.

Ndiyo maana alifurahi mno mwezi uliopita, nesi mmoja mstaafu alipomletea redio ya marehemu baba yake. "Sitaki pambo la kabatini," nesi alimwambia. "Nataka niisikie ikisema, nife nikiwa nimeisikia."

Mluzi alibadilisha waya zilizooza, akasuka upya koili ya waya, akasafisha kila kitu. Ikabaki kuutafuta ule ukingo. Mkewe alikuwa amekwenda kwa binti yao aliyejifungua, angerudi kesho yake. Mluzi hakumngoja.

"Niliona aibu," anasema. "Fundi wa miaka yote hii, nimsubiri mke wangu aje anisikilizie?"

Akavaa hedifoni, akazungusha kitufe. Kimya. Akazungusha mpaka mwisho. Kimya. Akaamua kwamba betri ni dhaifu, akaongeza nyingine, kisha nyingine.

Chumba cha pili, fundi cherehani alikuwa anasikiliza mpira. "Redio yangu ilipiga mluzi mpaka nikaacha kushona," anasimulia. "Nikatoka nje, nikampigia kelele dirishani: Mzee Mluzi, punguza, utatuua! Ananipungia mkono! Anatabasamu! Nikasema huyu mzee leo ananifanyia makusudi. Nilipoingia ndani kumshika mkono, taa ikamulika buluu, ikazima."

Mluzi anavuta droo, anatoa kichupa kilichoungua. Anakiweka kiganjani.

"Haikuwa imekufa," anasema. "Ilikuwa inanililia masikioni, mimi naona maiti. Nimeiua mwenyewe, kwa mkono wangu."

Fundi cherehani alijaribu kumtuliza, kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mluzi alitikisa kichwa. "Koleo ningeazima. Aliyevunjika hapa ni mhunzi."

Taa ya aina ile ilikuwa imebaki moja tu, kwenye redio iliyo jikoni kwake. Aliiunda mwenyewe kumpelekea mkewe enzi za uchumba, na tangu hapo mama huyu hajawahi kupika bila redio hiyo kusema.

"Alikuwa hali, halali," anasema mkewe. "Nikamwambia, chukua yangu. Akakataa. Nikamwambia tena, akakataa, anafoka. Basi nikaichomoa mwenyewe, nikampakulia chakula, nikaiweka pembeni ya sahani. Alikula analia."

Taa hiyo ndiyo inayowaka asubuhi hii katika redio ya mbao.

Saa nne nesi anafika. Anavalishwa hedifoni. Anafunika mdomo kwa mkono, na mabega yanaanza kutikisika. Mluzi anamtazama usoni kwa makini, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Inasema?" anauliza.

Nesi anaitikia kwa kichwa. Anaondoka ameikumbatia redio kifuani, na meza inabaki tupu.

Mluzi anafuta vumbi mahali ilipokuwa. Anasema hatapokea redio nyingine. Amebakiza kazi moja: kutafuta taa ya redio ya mkewe. Atauliza mafundi wa miji mingine, ataingia kwenye maghala ya vyuma chakavu. "Nimemzimia jiko lake. Siwezi kuliacha hivyo. Nitaipata tu."

Mkewe anakunja waya wa hedifoni nyuma ya mgongo wa mumewe. Hana haja ya kunong'ona.

"Haipatikani," anasema. "Nimeshauliza kote, hata wale wa mbali wamenijibu. Mwache atafute."