Breki za Pikapu ya Vioo

Menza alikuwa akibeba vioo, vile vipana vya madirisha na milango ya maduka, ambavyo husimamishwa kwa ukingo nyuma ya pikapu kwenye fremu ya mbao iliyovishwa vipande vya zulia. Alivichukua dukani kwa Mahira, kule Mbaraki, akavipeleka popote kisiwani Mombasa palipokuwa na mjenzi. Madereva wenzake walimtania kwamba anaendesha kama mtu aliyepakia mtoto aliyelala. Pikapu yenyewe ilikuwa Peugeot 504 ya zamani, aliyoinunua angali kijana, na mkewe Sidi aliiita mke mkubwa.

Matatizo yalianza asubuhi moja akiwa hana mzigo. Alikuwa anateremka kuingia Mji wa Kale, mkokoteni wa maji ukamkatia mbele. Akagusa breki kama anavyogusa siku zote. Magurudumu ya nyuma yakajifunga, mkia wa gari ukateleza ukaenda kusimama karibu kabisa na ukuta. Mwenye mkokoteni alimtukana, naye akaomba radhi.

Haikupita wiki, mambo yakageuka upande mwingine. Safari hii alikuwa na vioo vya duka la dawa. Alikanyaga breki, pikapu ikaendelea kwenda. Akakanyaga tena kwa nguvu, ikasimama kwa kishindo, na nyuma yake akasikia mlio ambao hakuwahi kuusikia tangu aanze kazi ile.

Mahira, aliyeachiwa duka na marehemu babake, hakumfokea. Alisimama kando ya pikapu akitazama vipande, kisha akasema, "Bwana Menza, kioo kuvunjika ni jambo la kawaida. Wewe kuvunja ndilo silielewi. Hebu mpelekee fundi aitazame."

Fundi wake alikuwa Odera, mtu wa bara aliyekuja Mombasa kufanya kazi reli akaishia kufungua gereji ya uwanjani huko Kibarani. Odera aliingia chini ya pikapu, akatoka na uso uliojaa vumbi.

"Pikapu ina tabia mbili, mzee," alisema. "Ukipakia, nyuma inakuwa nzito, na breki za nyuma zina kazi ya kufanya. Ukishusha mzigo, nyuma inakuwa nyepesi. Breki za huko zikishika kwa nguvu ileile, tairi zinajifunga, gari linakugeuka. Kwa hiyo za mbele ndizo zishike zaidi, za nyuma zifuate."

Akamwonyesha vali ndogo iliyofungwa chini ya bodi, yenye springi. Mzigo ukilemea, springi huvutika, vali ikaruhusu mafuta zaidi ya breki kwenda nyuma. Springi ya Menza ilikuwa imelegea. Odera aliweka nyingine, akasafisha drami za breki, akatoa upepo kwenye mabomba, kisha akaiendesha pikapu mwenyewe na kupiga breki pale uwanjani. Alama za tairi kwenye mchanga zilinyooka kama zimepigwa rula.

"Nenda na amani," akamwambia.

Menza akaenda, lakini amani hakuipata. Baada ya siku chache alirudi: nyuma inashika mno. Odera akapunguza. Akarudi tena: sasa haishiki kabisa. Odera akabadilisha hata breki za mbele, akajaribu kwa mifuko ya mchanga nyuma, akajaribu bila mifuko. Mikononi mwake pikapu ilisimama kwa adabu. Mikononi mwa Menza ilikuwa kama ya mtu mwingine. Nyumbani, Sidi alimsikia mumewe akilalamika usingizini kuhusu breki.

Mara ya mwisho Odera alisema, "Twende pamoja. Endesha wewe, mimi nikae."

Walizunguka uwanja. Menza alipiga breki, pikapu ikainamisha pua kwa ghafla hata Odera akajishika. Akapiga tena, ikapita mahali alipokusudia kusimama.

"Umeona?" Menza aliuliza, karibu kwa furaha. "Umeona mwenyewe!"

Odera aliinama chini ya usukani kuona pedeli inacheza kiasi gani, akatulia hukohuko. Alipoinua kichwa, vidole vyake vilikuwa na damu.

"Mzee, umejikata?"

"Wapi?"

Odera akauinua mguu wa kulia wa Menza kwa mikono miwili. Kipande cha kioo kilikuwa kimetoboa ndara ya mpira na kuzama kwenye unyayo. Damu ilikuwa imeanza kukauka pembeni, kwa hiyo hakikuingia muda huo. Odera alikivuta. Menza alitazama kikitoka kama mtu anayetazama mguu wa jirani.

"Haiumi?"

"Haiumi."

Menza alikuwa na sukari kwa miaka, na dawa alimeza anapokumbuka. Tangu masika miguu yake ilikuwa kama imevaa soksi nene ambazo hazivuliki. Alidhani ni uzee, na uzee hakuona haja ya kumsimulia mtu.

Sidi ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari, mwanamke mpole aitwaye Mwende, alimlaza, akamwambia afumbe macho na aseme "ndiyo" kila atakapoguswa mguuni. Menza akafumba macho. Akangoja. Alisikia feni ikizunguka juu na mtu akikohoa ukumbini.

"Anza basi, daktari," alisema.

"Nimemaliza, baba."

Alipofumbua macho alimwona Sidi ameuma ncha ya leso.

Mwende aliwaeleza polepole. Mishipa ya fahamu iliyokufa hairudi. Wangetibu kidonda, wangejaribu kuishusha sukari, na miguu itazamwe kila siku. Kuhusu kuendesha gari alisema neno moja tu, "Usiendeshe," na Menza akaitikia kwa kichwa kama mtoto.

Lakini kidonda kilipofunga, alikwenda Kibarani kwa miguu, bila kumuaga Sidi. Alimkuta Odera anakunywa chai.

"Fundi, nifanyie jambo. Pedeli iwe ngumu. Ngumu kabisa, nikiikanyaga niijue. Au breki hii uihamishie mkononi, niwe nasimamisha kwa mkono."

Odera aliweka kikombe chini. Alikuwa amemtengenezea Menza gari tangu nywele zao zikiwa nyeusi, na hakuwahi kumkatalia kazi.

"Mbele na nyuma naweza kuzisawazisha, mzee wangu," alisema. "Huko kwingine sina spana."

Menza alikaa kwenye tairi kuukuu lililokuwa hapo. Alitaka kukasirika, akatafuta wa kumkasirikia asimpate. Odera akamimina chai nyingine, wakainywa, magari yakipita daraja la Makupa.

Kuuza pikapu alishindwa. Mahira alimtafutia dereva, Kahindi, mwanamume makini mwenye familia, na siku ya kwanza akamwomba Menza aandamane na Kahindi amwonyeshe njia. Walipakia vioo vya jengo moja karibu na Buxton. Menza aliketi upande wa abiria, mahali ambapo hakuwahi kukaa, akashangaa jinsi barabara ilivyokuwa pana ikitazamwa kutoka huko.

Tuktuk moja ilisimama ghafla mbele yao. Goti la Menza likainuka, mguu ukaenda chini kutafuta pedeli isiyokuwepo; akatazama sakafuni kuona kama umefika. Kahindi alikuwa ameshasimamisha gari. Vioo nyuma havikutoa hata mlio.

"Gari zee hili," alisema Kahindi kwa mshangao, "lakini breki zake, mashallah! Nani kakutengenezea?"

"Odera," Menza alijibu. Kisha, kwa kuwa mwenzake alikuwa bado anangoja, akaongeza, "Kata kushoto hapo mbele."