Bi Nyamvula Akataa Kusemewa

Niseme mapema: hasira zangu hazijaisha, wala sina haja ziishe. Mtu akiniuliza kwa nini simpi Mzee Tinga shikamoo tukikutana njiani, humwambia avute kigoda nimweleze habari ya jirani yangu Nyamvula, aliyejifunza Kireno akiwa na mvi, na darasa zima likamcheka.

Nyamvula na mimi tumepakana ua hapa Bofu, Likoni. Mimi ni Mgiriama, mtu wa kanisa, niliyeletwa Likoni na ndoa. Yeye ni Mdigo wa papa hapa. Wazee wake wamezikwa nyuma ya msikiti ambao bado anausikia ukiadhini asubuhi. Kazi yake ni kushona makuti ya kuezekea. Mikono yake haitulii, na mdomo wake ulikuwa hivyo hivyo mpaka alipofiwa na mwanawe.

Mwana huyo, Mwanabibi, ndiye aliyekuwa naye peke yake. Aliolewa na Armindo, fundi wa kreni kutoka Beira, Msumbiji, aliyekuja bandarini kwa kazi. Kijana alisilimu akapewa jina jingine, lakini sisi tuliendelea kumwita Armindo. Wakaenda kwao, wakapata mtoto, Asmaa. Miaka ikapita, Mwanabibi akarudi na mtoto mkononi na ugonjwa mwilini. Hakuinuka tena. Asmaa akabaki kwa bibi yake, mtoto mwenye lugha mbili na mama aliye kaburini.

Sasa msikilize vizuri huyu Tinga. Tinga ni kaka yake Nyamvula. Ujanani alifanya kazi melini, akashinda sana Beira na Nacala, akarudi na Kireno chake. Armindo hajui Kiswahili zaidi ya salamu. Kwa hiyo Armindo alipokuja kwenye matanga ya mkewe, Tinga ndiye aliyekuwa mdomo wa familia, na mdomo ule ulinona.

Na mila ilimsaidia. Huku kwetu mama mkwe hamkabili mkwewe. Hamtazami machoni, hampi sahani mkononi. Akiwa na neno, humwambia mtu mwingine aliye karibu, "Mwambieni mkwe wangu chakula ki tayari," na mkwe huyo huyo yuko pale anasikia kila kitu. Ni adabu nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini mkwe akiwa hasikii lugha yako, kila unachosema hupita kwa mtu mmoja, na kila anachosema hurudi kwa huyo huyo. Hapo adabu inakuwa kamba shingoni.

Tinga na Armindo walizungumza sana siku ile. Nyamvula alipouliza, "Kaka, mwasema nini?" alijibiwa, "Mambo ya kawaida." Armindo akaenda zake. Baadaye Nyamvula akazisikia habari dukani, akinunua sabuni: kwamba mkwewe atarudi shule zikifungwa, amchukue Asmaa moja kwa moja, na kwamba bibi mwenyewe ameridhia. Dukani! Mwenye mjukuu anaambiwa na muuza sabuni kuwa ameridhia.

Alikwenda kwa Tinga, nami nikamfuata, maana nilimwona alivyotoka ameshika leso vibaya.

"Nani karidhia?" akauliza.

"Mimi," akasema Tinga, wala hakuinuka kitini. "Mimi ndiye mjomba wa marehemu. Mtoto ana babake. Nilishampa neno, na neno la mjomba halirudi."

"Basi mpigie simu umwambie mimi sijaulizwa."

"Mama mkwe ampigie mkwewe maneno? Mwacha mila ni mtumwa, Nyamvula."

Nilisonya mpaka mkewe akanitazama. Ninaishi na Wadigo miaka mingi, najua mjomba kwao ni nini. Zamani mtoto alikuwa wa upande wa mama, na mjomba ndiye ukuta aliouegemea. Mtu akija kuwaonea wapwa, anaanza kwa kupambana na mjomba. Huyu Tinga akaichukua heshima ile ile ya kumkinga mtoto, akamgawia mtu mtoto kwayo. Halafu anatusomea methali!

Juma lile Nyamvula akaniambia, "Mama Garama, nisindikize kwa mwalimu."

Mwalimu mwenyewe ni Matthew Thoya, kijana aliyefanya kazi Msumbiji, sasa amekodi chumba juu ya duka la dawa na anafundisha vijana wanaotafuta kazi huko. Nilimuuliza Nyamvula njiani, "Lakini hata ukijua Kireno, si huruhusiwi kusema na mkweo?"

Akasimama. "Sisomi ili niseme naye," akasema. "Nasoma nisikie nasemewa nini."

Nikalipa nafasi yangu nami nikaketi nyuma, na simwonei mtu haya.

Darasa lilikuwa la vijana watupu, na walitutazama kama tumepotea njia ya hospitali. Siku Matthew alipofika kwenye shamirisho, alianza na tuliyofundishwa shule tukayasahau. Aliandika ubaoni, *Dou o livro ao menino*, nampa mtoto kitabu. Kitabu ndicho kinachotolewa, akasema, hicho ni kipozi. Mtoto ndiye anayekipokea, huyo ni kitondo, na Wareno humtangulizia kijineno ili umjue. Ukichoka kumtaja, unamfupisha: *dou-lhe o livro*. Sisi Waswahili tunampachika mpokeaji ndani ya kitenzi, *nampa*. Wao wanamweka kando kwa kistari.

Nyamvula alishika haraka kuliko mimi. Nyumbani alikuwa akinipitishia kikombe juu ya ua, "*Dou-te o chá*," nakupa chai, kisha ananyoosha mkono anidai kijiko kwa lugha hiyo hiyo. Alikuwa akishona kuti huku akigawa vitu vya nyumba nzima kwa watu wasiokuwepo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu matanga nimsikie akicheka.

Balaa lilikuja siku ya mazoezi ya kuzungumza. Matthew alimsimamisha mbele, akijua shida yake nusunusu tu. "Haya, Bi Nyamvula. Mimi ni Armindo, mkweo. Nimekuja. Niambie: nakupa wali."

Nyamvula akajifunika leso usoni, akageukia ukuta.

"Ni mchezo tu, mama. Niambie."

"Siwezi. Ushasema wewe ni mkwe wangu."

Darasa likaangua kicheko. Kijana mmoja akapiga meza. Mwingine akasema hiyo ndiyo shida ya kuwaleta wazee, na Matthew, badala ya kumkanya, akatabasamu na kufuta ubao. Nilisimama. Niliwaambia kwamba wenyewe wanasoma Kireno ili wakawe wageni katika nchi ya watu, na hawajui hata adabu ya watu wanaokaa nao ukuta kwa ukuta. Niliwaambia na mengine ambayo siwezi kuyaandika, nikiwa mshirika wa kanisa.

Nyamvula yeye hakuondoka. Alijifunua leso, akarudi kitini, akainua mkono kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

"Mwalimu, niandikie hii. Familia inampa baba mtoto."

Matthew akaandika polepole, *A família dá a menina ao pai*.

"Kipozi ni nani hapo?"

"*A menina*. Mtoto."

"Kwa hiyo mtoto amekaa pale ulipokaa wali."

"Kisarufi, ndiyo, mama."

"Na ukifupisha baba?"

"*A família dá-lhe a menina*."

Akaikariri mara nyingi, midomo ikitembea bila sauti. "Sarufi ina haki kumshinda kaka yangu," akasema mwishowe. "Yenyewe haijanificha kitu." Matthew alitusindikiza hadi chini kwenye ngazi siku hiyo, akaomba radhi. Nikamsamehe, kwa shingo upande.

Shule zikafungwa, Armindo akaja. Nataka nimtendee haki: alikuja na adabu, amekonda, viatu akavivua mbali na jamvi. Alikuwa amemletea binti yake gauni lililokuwa dogo, kwa kuwa alikuwa bado anamkumbuka jinsi alivyomwacha. Simlaumu. Wazee wachache waliketi naye uwanjani. Nyamvula alikuwa mlangoni nyuma ya pazia, inavyotakiwa, nami ubavuni mwake. Begi la Asmaa lilikuwa limeshafungwa, Tinga ndiye aliyeagiza, na mtoto alikuwa amelikalia.

Tinga akajisafisha koo. Alisema kwa Kiswahili mambo ya Mungu na subira. Kisha akamgeukia Armindo, akanyoosha mkono kuelekea kwa mtoto, akasema kwa sauti ya mtu anayefungua arusi:

"*A família dá-lhe a menina*."

Nyamvula alinishika mkono, kucha zikanizama. Ilikuwa ile ile, neno kwa neno. Nilidhani atalia. Badala yake akaita, "Asmaa!"

"Abee, bibi."

"Njoo hapa paziani."

Mtoto akaja akasimama, upande mmoja bibi, upande mwingine baba. Nyamvula hakutoa uso. Alimwinamia mjukuu wake, akapaza sauti kwa Kireno chenye matamshi ya Bofu, kila neno limesimama peke yake:

"*Asmaa, diz ao teu pai que ninguém me perguntou nada*." Mwambie baba yako kwamba hakuna aliyeniuliza kitu. "*Diz-lhe que eu não dou a minha neta como se dá arroz*." Mwambie mimi mjukuu wangu simtoi kama wali. Akavuta pumzi. "*E ninguém perguntou à menina*." Na hakuna aliyemuuliza mtoto.

Tinga akaruka. "Nyamvula! Unasema na mkweo?"

"Nasema na mjukuu wangu," akajibu nyuma ya pazia. "Kwani nimevunja nini?"

Wazee wakatazamana. Hapakuwa na kosa: alimwambia mtu wa karibu, na mkwe akasikia. Ndivyo mama yake alivyofanya, na mama wa mama yake. Tofauti ni kwamba mara hii mkwe alisikia kweli.

Armindo alikuwa amesimama. Alimwambia Tinga maneno machache, uso umemwiva, na Nyamvula akaninong'oneza, "Anasema aliambiwa nimeomba aniondolee mzigo." Wallahi, mimi si Mwislamu, lakini hapo niliapa. Mzigo! Mtoto aliyelala kifuani mwake kila usiku tangu mamaye azikwe.

Kisha yule baba akafanya jambo ambalo mjomba hakulifanya. Alipiga magoti mchangani mbele ya binti yake, akasema taratibu, "*E tu, filha? O que queres?*" Na wewe, binti yangu? Wataka nini?

Asmaa akaligeukia pazia, akamtazama baba yake, akalitazama na begi. Kireno kilikuwa kimeanza kumtoka, ikabidi akitafute.

"*Fico com a avó*," akasema. Nabaki na bibi. Halafu akamshika baba yake sikio, kama alivyozoea zamani pengine. "*Tu vens ver-me. Muitas vezes*." Wewe uje kuniona. Mara nyingi.

Armindo akainamisha kichwa. Alikuwa akilia, na alikuwa akiitikia.

Wazee walikuwa wakiulizana kwa macho mtoto amesema nini. Tinga naye, haya hana, akavuta kanzu, akasimama katikati, akajisafisha koo ili awafasirie.

Pazia likafunguka. Nyamvula akatoka, uso ameuelekeza kwa wazee, mgongo kwa mkwewe kwa heshima zote.

"Keti, kaka," akasema. "Leo nawaambia mimi."

Tinga akaketi.